Nguruwe katika Maji ya Mzazi

Miaka ile ya hamsini, kijijini kwetu bara ya Msambweni, walikuja Wazungu wa kupima ardhi. Walichimba mashimo, wakalipua baruti ndani yake, na vyombo vyao vikasikiliza mtetemo, wapate kujua joto la chemchemi yetu linatoka wapi. Wakatutaka tusitwange, maana hata mchi ulivisumbua vyombo vyao. Tukatii. Kutwa nzima vinu vilikaa kimya, tukala mihogo ya kuchemsha. Adabu yote ile tuliwapa bure!

Kesho yake dada yangu alijifungua. Kwetu mzazi hukandwa kwa maji ya moto ya chemchemi ile, basi nikachukua debe nikaenda kuteka. Nilipofika, niliwakuta Wazungu wale pale. Wageni wetu walikuwa wameua nguruwe mwitu, wakamtumbukiza humo ili manyoya yang'oke. Matumbo yalikuwa yanaelea, mafuta yametanda juu, na mmoja wao, mdomo umejaa nyama, akanikaribisha nile.

Debe lilirudi tupu. Jioni maalim wa chuo cha Kurani alikuja kututuliza. Maji mengi yanayotiririka, alisema, hayaingii najisi. Uchafu ukishapita, tuteke tu.

Mama alimsikiliza kwa adabu mpaka mwisho.

"Ahsante, maalim," akasema. "Basi tangulia wewe, ukatawadhe."

Maalim alikohoa, akavaa viatu vyake. Mpaka anakufa, alitawadhia kisimani.