Taa ya Kulwari

Juzi mvua ilinikimbiza ndani ya duka la vifaa vya umeme wa jua, pale Masisi. Kwa mawingu yale, mulikuwa na giza. Nilimkuta papa mmoja, mwanamume wa makamo, akichagua taa ya kulwari, ile njia ya ndani inayopita kati ya vyumba. Alikuwa amekuja na mama yake mzazi, ambaye macho yameanza kufifia, na ambaye alikuwa ameanguka katika kulwari hiyo akienda chumbani.

Papa alikuwa amependa taa ya kuning'inia, imejaa vipande vya kioo. Muuzaji akaiwasha.

“Mama, angalia!” papa akasema. “Hii njo ya bakubwa. Mugeni akiingia tu, atashangaa.”

Mama akajikinga uso kwa kiganja. “Iko muzuri. Lakini hii taa inataka niangalie yeye. Miye nataka kuangalia njia.”

Muuzaji akacheka, akawasha nyingine, bapa, ya kubandika kwenye plafo, yaani dari, yenye kifuniko cheupe kama maziwa. Mama akatazama sakafu, akatazama viatu vyake, kisha akamgeukia mwanawe na kumshika kidevu.

“Eh! Mutoto wangu, kumbe uko na mvi?”

Duka zima tukacheka. Papa akarudisha vile vioo mezani. “Utufungie hii ya bapa.”

Wengi wetu tunanunua taa ili wageni waone nyumba. Papa yule amenunua ya kumwonyesha mama njia, na nadhani siku hizi anapita kulwari akiwa na kofia.