Sindano Yangu na Ndugu Wawili wa Chunyu

Wiki iliyopita nililetewa habari kwamba mkulima mmoja wa Chunyu, niliyemfahamu tangu siku za mashamba makubwa ya karanga kule Nachingwea, amefariki na ameshazikwa. Wasomaji wangu wa siku nyingi wanajua kwamba kabla ya kushika kalamu nilikuwa dresa, mhudumu wa zahanati. Marehemu huyu ndiye mgonjwa niliyemlemaza.

Miaka ya hamsini tulizunguka vijijini tukichoma sindano za buba, ule ugonjwa wa vidonda vya ngozi. Siku ile, katika foleni, mama mkwe wake alisimama nyuma yake, na mtu mwenye adabu hajifunui mbele ya mkwe. "Dresa, choma hapohapo," alininong'oneza, akipandisha shuka kidogo tu kutoka chini. Nilifundishwa kuchoma sehemu ya juu ya tako, upande wa nje. Ningeweza kumpeleka nyuma ya gari, lakini watu walikuwa wengi, nami nilijiona fundi. Nikachoma chini, katikati, unapopita mshipa mkubwa wa fahamu. Alishtuka kama aliyepigwa rungu, na mguu ukafa ganzi mpaka vidoleni.

Unyayo haukuinuka tena. Alitembea akipandisha goti juu ili vidole visikwaruze ardhi. Watani wakamwuliza, "Njia tambarare hii, wewe unapanda ngazi gani?" Akawajibu, "Ya ghorofa yangu. Ninyi mtalala chini." Alikata ukanda wa mpira wa tairi bovu la trekta, akaunganisha unyayo na goti, akaendelea kulima ufuta. Lakini kijijini walisema sindano hailemazi mtu, bali amekanyaga dawa iliyofukiwa njiani, na kwamba aliyeifukia ni mdogo wake, waliyegombania naye shamba. Mdogo akafukuzwa, akahamia Nambilanje na watoto wake. Mimi nilijua ukweli, nikanyamaza mwaka mzima kwa kuogopa kuachishwa kazi.

Nilipokwenda kuungama, nilimkuta mgonjwa wangu akipepeta ufuta. "Mguu nimeshauzoea," alisema. "Lakini mdogo wangu nimemfukuza bure. Kesho tunakwenda Nambilanje. Utasema mwenyewe, mimi sitakusemea."

Nilisema. Mdogo wake hakunipa mkono. Aliutazama ule ukanda wa mpira, akampokea mwenzake mkoba. "Kaka, umetembea na mguu huo kutoka Chunyu?" Msimu uliofuata alirudi kwao.

Kwa vijana wanaoshika sindano leo nina neno moja. Mgonjwa akiona haya, mtafutieni faragha. Na mkikosea, semeni siku hiyohiyo, kabla watu hawajapata wa kumlaumu. Mwaka niliokaa kimya, mtu asiye na kosa aliumaliza akilima shamba la kuazima kule Nambilanje.