Stesheni Ambayo Haikujitaja

Kuna jioni moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka hadi leo shingo inapata joto la aibu. Nilikuwa mwaka wa pili chuo kikuu, nimerudi nyumbani Kosele kwa likizo, na nilikuwa najua kila kitu. Ugonjwa huo nilikuja kuupona baadaye, ingawa si wote.

Tulikuwa na redio moja ya betri nne. Mchana mkanda wa AM ulikuwa mkavu: stesheni mbili tatu za karibu, na katikati yake mikwaruzo mitupu. Jua likianza kuzama, sauti za mbali zilianza kuingia, kutoka Tanzania, Uganda, na nchi ambazo hata lugha zake sikuzijua. Nilimweleza Mama kwamba usiku mawimbi hupanda angani na kurudishwa chini kama mpira uliogonga dari. Mama akaniuliza kama huko chuoni wanafundisha pia kupasua kuni. Kila stesheni niliyonasa niliiandika kwenye daftari, na kwa ajili ya daftari hilo nilimaliza betri za nyumba nzima.

Wiki hiyo kaka yangu Ouma alikuwa ziwani. Alikuwa mchuuzi wa omena, wale dagaa wa ziwani; alipanda mashua kwenda visiwani, akanunua mzigo, akaja kuuza Kosele. Alitarajiwa jana yake na hakufika. Simu hatukuwa nazo. Mkewe, Akinyi, siku hiyo aliufagia uwanja mara tatu.

Basi jua linazama, mimi nimekaa mlangoni na redio, nikanasa sauti nzito ya mwanamume ikisoma habari kwa Kiswahili. Mashua imezama ziwani, imejaa abiria na mizigo, na waliotambuliwa hadi sasa ni... Sauti ikafifia, kama mtu anayeondoka huku akiongea. Nikabana redio sikioni. Ikarudi, safi kabisa: "...Ouma wa omena, soko la Kosele."

Sikungoja, mwanangu. Nilisimama nikapaza sauti: "Mama! Mashua imezama! Wamemtaja Ouma!"

Mama alitoka jikoni na mwiko mkononi. Nikaona kifua chake kikijaa hewa, mdomo ukifunguka. Kwetu nduru ya mama mzazi si kelele tu. Ikishatoka, kijiji kizima kinakuja, na hairudishwi; na wazee waliamini kwamba kumlilia aliye hai ni kumwitia kifo. Akinyi alikuwa karibu naye kuliko mimi. Aliruka, akamziba mdomo kwa kiganja.

Kiganja cha mke wa mtoto mdomoni mwa mama mkwe! Akinyi, ambaye hakuwahi hata kumjibu Mama kwa sauti ya juu. Nilidhani dunia imekwisha kwa njia mbili kwa mpigo.

"Nisamehe, Mama," alisema, lakini mkono hakuuondoa. Akanigeukia. "Shemeji, hiyo ni stesheni gani?"

"Sijui, lakini nimesikia kwa masikio yangu mwenyewe."

"Imejitaja?"

"Bado."

"Na aliyesema mashua ndiye huyo huyo aliyemtaja Ouma?"

Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba sauti ya pili ilikuwa ya mwanamke.

Akinyi alimwachia Mama, akainyakua redio. Yeye alipika akiisikiliza kila jioni, mwaka mzima, nikiwa Nairobi nikisomea mawimbi. Aliigeuza polepole mpaka ubavu wake ukaelekea langoni. Sauti ya mwanamume ikazama. Akabaki mwanamke, mchangamfu, anamalizia: "...na hao wote wanasalimiwa na Chacha wa Kegonga, anasema mzigo wake usichelewe." Kilikuwa kipindi cha salamu. Chacha tulimjua, alikuwa mteja wa Ouma.

"Stesheni mbili zimekaa mahali pamoja," Akinyi alisema. "Jioni ndivyo zinavyofanya. Hukufundishwa?"

Nilikuwa nimefundishwa. Kwenye mtihani nilipata alama nzuri.

"Na mashua?" Mama aliuliza. "Ya ziwa gani?"

Akinyi aliigeuza tena. Mwanamume akarudi, mdogo kama yuko ndani ya mtungi. Betri zilikuwa zinakata roho. Nilizitoa, nikazipasha moto kando ya meko, nikazirudisha. Tukapata maneno mawili, kisha kimya.

"Sasa tufanye nini?" Mama alinong'ona.

"Sasa hatujui, Mama. Kutojua hakuliliwi."

Tulikaa hivyo mpaka asubuhi, ugali umegandia sufuriani. Kila mbwa alipobweka, Mama aliuma pindo la leso. Kulipopambazuka Ouma aliingia langoni akisukuma baiskeli yenye gunia. Injini ya mashua yao ilikuwa imeharibika kisiwani. Akinyi alipomwona ndipo alipopiga ile nduru, yote, mpaka majirani wakaja mbio na kumkuta marehemu anauliza kama kuna chai.

Mama hakuwahi kukitaja kile kiganja. Ila tangu siku hiyo alimwita Akinyi "nyathina", yaani "mtoto wangu" kwa lugha yetu, na mimi akaniita "msomi" kwa namna ambayo sitaki kuieleza. Na ile mashua ilizama kweli, mahali fulani. Kuna mama aliyelia kwa haki jioni hiyo, na hadi leo sijui ni wa ziwa gani.

Leo stesheni ziko mfukoni mwako, mwanangu, na hazingoji jua lizame ili ziingiliane. Ninachokuomba ni hiki: kabla hujabeba habari mbaya kuipeleka mlangoni kwa mtu, uliza nani amesema, na kama aliyeanza sentensi ndiye aliyeimaliza. Usipopata jibu, sema hujui, ukae na wenye wasiwasi mpaka kuche. Usione haya kukaa hivyo.

Mungu akupe subira ya masikio. Akurudishie watu wako wakiwa wazima, na siku ulimi wako utakapokimbia mbele yako, akuwekee karibu mtu wa kukuziba mdomo.