Gololi Elfu Moja kwa Kila Boksi

Tarehe 9 Juni 1997, daftari la mahudhurio la kiwanda cha beringi lilipokea jina la mpakiaji mpya, aliyeingia saa moja kasoro dakika kumi. Hajachelewa tangu siku hiyo, na wenzake wamekwisha kulisahau jina lenyewe. Wanamwita Mama Gololi. Kazi yake ni kujaza gololi za chuma kwenye maboksi, elfu moja kila boksi, na kufunga kifuniko.

Mwaka huu kiwanda kilipata mhandisi ambaye, kwa mipango ya Mungu na ukaidi wa binti wa pili wa Mama Gololi, ni mkwe wake. Akiwa bado katika miezi ya majaribio, kijana huyo alipiga hesabu, akaona maboksi ya zamani yanabeba hewa mno. Akaagiza mapya, madogo zaidi, elfu tatu.

Asubuhi yalipofika alimimina gololi mwenyewe. Boksi likajaa pomoni, na mezani zikabaki zaidi ya mia. Akajaribu la pili. Mambo yakawa yale yale.

"Mama," alisema kwa sauti ya chini, "kwa hesabu zinaingia zote."

"Basi ziambie, baba. Labda hazijasoma."

Mwenye kiwanda alikuwa anakuja saa nane mchana kuyakagua maboksi mapya. Mama Gololi alijua maana yake: mkwe akifukuzwa atahamia kwake, yeye na mke na makochi na kukoroma kwake, katika vyumba viwili. Hata hivyo alimaliza chai kwanza. Nafasi kama hii mtu hapewi kila mwaka.

"Hesabu yako ni ya gololi zilizopangwa," akasema hatimaye. "Wewe umezimwaga. Gololi haipendi mtu wala haichukii mtu, ila ilipokaa yenyewe haikai nyingine. Ukizimwaga, kila moja inamzibia mwenzake njia."

Akatandaza safu ya kwanza kwa vidole, kila gololi ikijibana katikati ya jirani zake. Akamimina kiasi cha kiganja, akatikisa boksi kama anayechekecha unga. Gololi zikahangaika, zikagongana, kisha moja moja zikatumbukia kwenye vishimo vya safu ya chini. Kiganja kingine. Akatikisa tena.

Mhandisi akainama kuchungulia chini ya meza.

"Unatafuta nini huko?"

"Sumaku, mama."

"Kwani umeoa kwa wachawi? Shika, tikisa wewe. Taratibu, hupigi ngoma. Zikijipanga ndiyo zinapata pa kupumulia. Zikikaa ovyo zinabanana."

Gololi ya elfu moja ikaingia, kifuniko kikafunga.

Saa nane mwenye kiwanda alikifungua, akazitazama safu. "Limechukua dakika ngapi?"

"Sita," alisema Mama Gololi.

"Na la zamani?"

"Moja."

Mhandisi alijikuna shingo.

"Kazi utabaki nayo," mwenye kiwanda alimwambia. "Lakini elfu tatu haya, kwa dakika sita sita, atayapakia nani?"

Mama Gololi alimgeukia mkwe wake, akamtazama kwa upole wa mzazi.

Kuanzia Jumatatu mhandisi atakaa kwenye meza ya kupakia, kiti cha kushoto, chini ya usimamizi wa Mama Gololi, mpaka boksi la mwisho.