Neno la Kusimamisha Mchezo

Fundi cherehani wetu ni mwanamke, na hakusomea maigizo popote. Alichojua ni kupima watu nguo, na mwanamke akipimwa nguo husema yote. Akachoka kusikia, "Ningemjibu hivi, ila niliogopa." Ndipo akatukusanya majirani kwenye stoo nyuma ya duka lake, tukaanzisha kikundi. Hakuna kiingilio, hakuna posho. Lengo ni moja tu: mtu ajaribu jibu lake mbele ya watu kabla ya kulijaribu nyumbani. Ukiona mchezo unaenda kombo, unasema, "Simama!" Waigizaji tunaganda, na wewe uliyesema unapanda kuchukua nafasi ya mmoja wetu.

Mimi ni kinyozi, na kwa hili domo langu nikapewa kuigiza mume mkorofi. Eti nafaa! Mke wangu alicheka mpaka akakaa chini.

Lakini Fundi alikuwa na lake moyoni. Mdogo wake wa mwisho, tunamwita Kitinda, kila gauni alitaka mikono mirefu, na joto lote hili. Akiulizwa alama za mikononi, ameteleza bafuni. Bafu gani hilo, jamani, linaloacha alama za vidole?

Siku ya onyesho la kwanza Kitinda akaja na mumewe. Walichelewa, sheria ya mchezo ilishaelezwa. Nikamwona yule bwana benchi la mbele, kanuna. Nilimchukia, sifichi. Nikaanza kumfokea Fundi, aliyekuwa anaigiza mke wangu: "Ulikuwa wapi? Na nani?" Yule bwana akainuka, akamkamata mkewe mkono.

"Simama! Twende!"

Sisi tukaganda. Mazoezi, bwana, mwili ulishazoea! Watu nao wakamgeukia, makofi yakaanza: "Apande! Apande!" Hakujua amesema nini. Akikataa ataonekana mwoga, basi akapanda shingo upande, nami nikampisha.

"Haya, shemeji," Fundi akasema. "Mimi ndiye mkeo. Nimechelewa kurudi."

Yule bwana akacheka kidogo. Kisha akasema polepole, bila kuigiza hata chembe, "Unajua nitakufanya nini."

Fundi akafungua mdomo, jibu halikutoka. Miezi yote hii anatufundisha kujibu, leo kakauka yeye!

"Simama," ikatoka sauti benchini.

Kitinda akapanda. Akamsogeza dada yake pembeni, akamkabili mumewe.

"Leo sirudi kwako."

Watu walitaka kupiga makofi, wakasita. Fundi akamwinamia mdogo wake sikioni, ila mimi nilikuwa karibu, nikasikia.

"Unaigiza, mdogo wangu?"

"Hapana, dada."

Fundi akaenda akafungua mlango wa stoo, akaushikilia.

"Umesikia, shemeji," akasema. "Kwako unakwenda peke yako."