Safi Kabisa na Mwenye Kiwanda cha Sabuni

Ofisini walimbandika jina la Safi Kabisa. Halikuwa jina la sifa, ingawa mwenyewe alilipokea meno yote nje. Kazi yake ilikuwa uhusiano wa umma, yaani kuwasemea wenye kampuni ili watu wawaone wema. Kusemea kwenyewe hakukujua sana. Alichojua ni kuwashika wateja wasimponyoke. Mteja akipiga chafya, pole imeshafika. Mtoto wa mteja akifaulu mtihani, keki iko mlangoni. Na mteja akiuliza lolote lile, jibu ni moja: "Safi kabisa, Mama!" Ilikuwa ndiyo elimu yake yote, na alikuwa na ujasiri wa kuwafundisha wengine.

Mteja aliyemweka mjini alikuwa mama mmoja mwenye kiwanda cha sabuni. Kodi ya nyumba na ada za watoto vilitoka kwenye povu lake. Akiondoka huyo, hakuna ofisi.

Basi kiwanda kikatoa sabuni mpya ya watoto, na watoto wakatoka vipele. Picha zikazagaa kwenye simu. Mama akamwita ofisini kwake, kwenye zulia nene na harufu ya limau.

"Kesho nawaita waandishi," akasema. "Nitawaambia kina mama wa siku hizi hawajui kuogesha. Wanasugua mtoto kama sufuria iliyoungua! Unaonaje?"

Safi Kabisa hakuwa mjinga, na hilo ndilo linaloudhi. Alijua fika kuwa Mama anajichimbia shimo. Akafungua mdomo amwambie, lakini mdomo wenyewe ulishazoea vibaya.

"Safi kabisa, Mama."

Nyumbani alimsimulia mkewe, aliyekuwa anamenya viazi. Mkewe akaweka kisu chini.

"Baba watoto, na wewe ukamwachia tu?"

"Mteja wa miaka yote hakatazwi. Uhusiano unajengwa, mke wangu."

"Unajenga nini wewe? Unampaka mafuta kwa mgongo wa chupa! Mpigie sasa hivi."

Akachukua simu, akaitazama, akamtumia Mama ujumbe wa kumtakia kila la heri, na maua matatu.

Kesho yake Mama akayasema yale yale, mbele ya kamera, na kidole juu. Waandishi hawakuamini bahati yao. Kufika jioni, watu walikuwa wanarudisha sabuni madukani kwa mabeseni, wakitukana.

Wateja wengine wa Safi Kabisa wakaanza kuzihesabu safi-kabisa walizowahi kuambiwa. Ila binti mmoja wa ofisi nyingine ya kazi hiyo hiyo, ambaye Mama hakuwahi kumwona, alimpigia simu. "Mama, umekosea. Omba radhi, na hiyo sabuni itoe madukani leo." Mama akamtolea maneno makali, akakata. Kisha mwenyewe akampigia tena yule binti.

Safi Kabisa akaitwa tena kwenye lile zulia.

"Mwanangu, nilipokuuliza siku ile, ulijua nasema upuuzi?"

"Nilijua, Mama."

"Mbona hukuniambia?"

"Sikutaka kuharibu uhusiano."

Mama alicheka mpaka akafuta macho. "Wala haujaharibika! Kazi nimempa yule binti. Ila wewe ni mtu wa nyumbani, harusi ya mwanangu usikose."

Hakukosa, bwana wee! Alivaa suti, akawekwa mlangoni kupokea zawadi za watu. Mama alipopita akamuuliza kama mapambo yamependeza, naye akajibu kama kawaida yake.

Aliporudi alimkuta mkewe anafunga vyombo kwenye maboksi, maana nyumba ile hawakuiweza tena.

"Harusi ilikuwaje?"

"Ovyo," akasema. "Mapambo mabaya, chakula cha baridi, muziki wa kupasua masikio."

"Mama mwenyewe ulimwambia?"

Safi Kabisa akainama, akabeba boksi la sahani, akatoka nalo nje.