Mama Aliyechukua Hoteli Akaacha Shamba

Habari zilinifikia hapa Eldoret kupitia kwa mwuza viazi: yule mama wa Timboroa, mwenye hoteli ya zamani ya Wazungu, ametutoka. Wasomaji wangu wa siku nyingi mtanisamehe. Leo sina nguvu ya kuandika siasa.

Hoteli hiyo ilijengwa kabla reli haijafika huku, enzi za magari ya kukokotwa na ng'ombe yaliyokuwa yakizama matopeni. Mzungu aliyeijenga aliiga nyumba za wasafiri za kwao Uingereza: kuta nene za mawe, paa la mwinamo mkali, na katikati ya nyumba lango pana, gari lipite na ng'ombe wake hadi uani, penye mazizi. Wageni walilala juu. Chini palikuwa na meko ambayo mtu mzima angeweza kusimama ndani yake. Mwafrika aliingia hotelini humo tu akiwa amebeba kuni.

Uhuru ulipokuja Mzungu akauza, na watu waliotoka Mkoa wa Kati wakachanga wakanunua shamba lake zima pamoja na hoteli. Mama na mumewe walikuwa miongoni mwao; mume akafariki kabla ardhi haijagawanywa. Siku ya mgawo nilikuwepo, nimetumwa na gazeti. Wanachama walikuwa wamekubaliana kuibomoa hoteli wagawane mawe na mbao. Mama akasimama.

"Mzee mwenyekiti, mkibomoa leo, hawa watoto watalala wapi na baridi hii?"

"Mama, kila mtu atajenga kwake."

"Atajenga lini, na mvua ndiyo hiyo? Nipeni nyumba. Shamba langu gawaneni."

Wengine walicheka, lakini walikubali upesi, maana fungu lililomwangukia lilikuwa bondeni, penye maji. Msimu ule wote familia zao zililala kwake, hata mazizini. Kuna mwanamke aliyejifungulia pale Wazungu walipokuwa wakinywea pombe.

Kisha kila mtu akajenga, akahama. Mama akabaki akiwauzia chai madereva wa malori, mpaka barabara mpya ilipopita mbali. Paa likaanza kuvuja. Akaomba kipande kidogo tu cha kupanda viazi, kwa wale wale waliogawana shamba lake. Wakamjibu, "Mama, si ulichagua nyumba mwenyewe?"

Tulimzika uani, kwa kuwa hakuwa na ardhi nyingine. Mwenyekiti alisema mengi juu ya ukarimu wake. Yule mwanamke aliyejifungulia humo akamngoja amalize, akasema taratibu, "Maneno ni mazuri, Mzee. Lakini yeye aliomba pa kupanda viazi." Mwenyekiti akakaa. Nyuma yangu, wanaume wawili walikuwa tayari wanazikadiria mbao za paa.

Nimezika wengi, na hotuba nimezisikia za kutosha. Anayeacha fungu lake ili wengine wapate pa kuanzia, tumkatie kipande cha letu angali ana nguvu za kushika jembe.